Kujiunga na kikundi cha kujitolea cha hifadhi: tathmini ya kazi, zana na uongozi

Kikundi cha kujitolea cha hifadhi ya mazingira hakiuzi kitu, lakini kinakudai siku yako ya mapumziko, mgongo wako na viganja vyako. Kwa hiyo una haki ya kukipima kama unavyompima fundi. Tunazungumzia vikundi vya karibu na nyumbani vinavyokutana mara moja kwa wiki au kwa mwezi, watu wakatoka na mapanga, misumeno na majembe kwenda kung'oa mimea vamizi, kupanda miti, kukarabati njia za miguu, kutuliza makorongo na kusafisha madimbwi. Kikundi kilichojipanga tunakipa nyota nne kati ya tano. Kile kinachofanya kazi kwa ajili ya picha tunakipa moja, nayo ni kwa heshima ya watu waliojitokeza.

Tofauti ya vikundi hivyo viwili huwezi kuiona siku ya kazi. Siku hiyo vyote vinatoka jasho, na vyote vinaacha lundo kubwa la majani yaliyofyekwa. Itazame baada ya miezi 6. Kimoja kimerudi palepale kupalilia machipukizi, kingine kimeshahamia mahali papya na kule kwa zamani magugu yamerudi mazito kuliko mwanzo. Sehemu kubwa ya tathmini hii inazunguka jambo hilo.

Siku yenyewe

Siku ya kawaida ni saa 5 au 6 pamoja na mapumziko. Iwe na maelezo ya dakika 10 hadi 15 kabla mtu hajashika zana: tunafanya nini, kwa nini, mpaka wa eneo uko wapi, mti gani usiguswe, hatari ni zipi, sanduku la huduma ya kwanza liko kwa nani, na mtu akiumia atatolewaje hapa hadi barabarani. Kiongozi mmoja aangalie watu 8 hadi 12. Wakizidi hapo anaacha kufundisha na kubaki kuchunga kundi, na makosa yote tutakayoyataja huanzia hapo.

Sehemu ya "kwa nini" ndiyo inayorukwa mara nyingi, na kuiruka ni kosa. Mgeni anakuja akiamini hifadhi ni kupanda, halafu anapewa msumeno akate. Asipoelezwa, atakata bila kujua mwisho wake uko wapi, au ataondoka na uchungu moyoni. Mwaka 1959 nchini Uingereza, kundi la Conservation Corps, ambalo leo ni The Conservation Volunteers, lilianzia kazi Box Hill, Surrey, kwa kufyeka vichaka. Vichaka hivyo vilikuwa vinaimeza nyasi fupi ya udongo wa chokaa, na kivuli kikishatanda, maua madogo ya nyasi ile hufa na vipepeo wanaoyategemea hutoweka. Kiongozi anayeweza kueleza hivyo kwa sentensi mbili, kwa eneo alilosimama, anajua kazi yake. Anayejibu "tumeambiwa tusafishe" bado.

Zana

Ukitaka kukijua kikundi kwa haraka, pitia zana zao kabla ya maelezo kuanza. Makali butu ni hatari kuliko makali yanayokata: mtu mwenye panga butu hutumia nguvu mara mbili, panga linateleza juu ya gome badala ya kuzama, na linaishia kwenye goti. Tupa moja na kinoo kimoja ndani ya sanduku la zana vinatueleza mengi kuliko fulana zenye nembo. Tupa isukumwe upande mmoja tu, kuelekea kwenye makali, kwa pembe ileile iliyokuwepo; ukiivuta huku na huku unaua meno yake.

Mkasi wa matawi wenye mikono mirefu unafaa kwa shina la unene wa hadi sentimita 3 hivi. Wageni huubana kwenye shina nene zaidi kisha wanauzungusha ili ukate. Kuzungusha huko hulegeza kiungo cha kati, na mkasi ukishalegea hutafuna badala ya kukata. Lililozidi unene huo ni la msumeno wa upinde. Ukianza kukata, uende taratibu kwa mivuto mirefu hadi meno yashike, na mkono usioshika msumeno ukae mbali na mfereji wa meno, kwa sababu mivuto ya mwanzo ndiyo huruka.

Tawi zito likatwe mara tatu. Kwanza chini, robo hadi theluthi ya unene, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina. Kisha juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, hadi tawi lianguke. Mwisho ukiondoe kile kipande kilichobaki karibu na shina, nje ya ule uvimbe unaozunguka mzizi wa tawi. Ukikata mara moja kutoka juu, tawi linaanguka na gome, na jeraha la mti linashuka mita nzima.

Kuhusu panga hatupunguzi neno. Nafasi kati ya mtu na mtu iwe urefu wa mkono na panga mara mbili, ipimwe kwa kunyoosha mikono, wala isikadiriwe kwa macho. Mkono unaozungusha panga usivae glavu inayoteleza. Glavu ni ya mkono mwingine, ule unaoshika matawi. Zana hubebwa ubavuni, makali yakielekea chini, kamwe si begani. Zikipumzishwa ziwekwe mahali pamoja panapojulikana, kwa sababu msumeno uliolala majanini ni mtego. Kupaka mpini rangi kali, nyekundu au chungwa, ni dawa rahisi ambayo vikundi vingi havijaifikiria. Zana zihesabiwe asubuhi na zihesabiwe tena jioni.

Mimea vamizi: hapa ndipo kikundi hupimwa

Hii ndiyo kazi inayochukua siku nyingi za vikundi hivi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Tatizo la kwanza ni kutambua. Mche mchanga wa gugu na mche mchanga wa mti wa asili hufanana kwa macho yasiyozoea. Kikundi kizuri kinampa kila mtu sampuli mbili mkononi, gugu na ndugu yake wa asili, avunje jani, anuse, apapase shina, kisha dakika 20 za kwanza mkongwe atembee nyuma ya wageni. Kikundi kibaya kinasema "ng'oeni haya yenye majani mapana", na jioni theluthi ya lundo ni miche ambayo ingekuwa msitu.

Tatizo la pili ni mahali pa kuanzia. Silika ya kila mtu ni kuvamia pale palipoharibika zaidi, kwa kuwa panaonekana. Dada wawili wa Sydney, Joan na Eileen Bradley, walionyesha kinyume chake katika miaka ya 1960. Walianza pale ambapo mimea ya asili ilikuwa bado ina nguvu, wakasogea kidogokidogo kuelekea palipozidiwa, wakivuruga udongo kidogo iwezekanavyo, na mwendo wao uliamuliwa na kasi ya mimea ya asili kurudi, hawakuupangia ratiba. Sababu yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kupalilia: ukifungua eneo kubwa tupu katikati ya magugu, mbegu zilizolala udongoni zinapata mwanga zote kwa pamoja na wewe huna mikono ya kuzifuata. Tunapenda sana kuona kikundi kinachofanya kazi kwenye kipande kidogo kisichovutia macho, kwa utaratibu huo. Mara nyingi ndicho kilichoelewa.

Tatizo la tatu ni kukata pasipofaa. Lantana, kichaka vamizi, ukiikata juu ya udongo inachipua kwa nguvu mpya, shina moja linakuwa sita. Njia iliyojaribiwa katika hifadhi ya Corbett, India, ni kukata mzizi mkuu chini kidogo ya uso wa udongo, chini ya sehemu inayochipua, kwa jembe jembamba au sululu. Kisha kichaka kinanyanyuliwa kizima na kugeuzwa miguu juu kikauke. Baada ya hapo unarudi kupalilia chini ya miti ambayo ndege hutua, kwa kuwa ndege hula matunda ya lantana na kudondosha mbegu hapohapo. Hilo la mwisho halichoshi: watu wawili, ndoo moja, asubuhi moja. Ndilo linaloachwa.

Balsamu ya Himalaya, Impatiens glandulifera, inayofunika kingo za mito Ulaya, inataka akili tofauti. Ni mmea wa mwaka mmoja, mizizi yake ni mifupi, na hata mtoto anaung'oa. Lakini ganda lililoiva hupasuka na kurusha mbegu hadi mita 7, kwa hiyo kazi ifanyike kabla ya maganda kukomaa, na ianzie juu ya mto ikishuka, la sivyo maji yataleta tena ulichokiondoa. Ukiamua kuukata badala ya kuung'oa, kata chini ya kifundo cha mwisho cha shina, maana ukibakiza kifundo unachipua na kutoa maua tena. Mbegu zake huishi udongoni takriban miaka 2, na ndiyo maana msimu mmoja hautoshi hata ukifanywa kwa ukamilifu.

Visiki vya vichaka vinavyochipua huhitaji kupakwa kiuagugu, na hapa tunakuwa wakali. Dawa ipakwe mara tu baada ya kukata, si baada ya chai, kwa sababu kisiki kikianza kukauka hakiivuti tena. Ipakwe kwenye pete ya nje, pale chini ya gome, kwani katikati ya kisiki ni mbao iliyokufa na dawa hapo ni hasara. Apake mtu aliyefunzwa na mwenye kibali kinachotakiwa na sheria ya nchi, amevaa glavu za mpira, mbali na maji. Kikundi kinachomkabidhi mgeni chupa na brashi siku ya kwanza ni cha kukimbia. Na visiki vyenyewe vikatwe chini kabisa na bapa. Kisiki kilichochongoka kwa mkato wa mshazari hutoboa buti, na ukiangukia hutoboa zaidi ya buti.

Lundo la vilivyong'olewa nalo ni sehemu ya kazi. Mmea wenye mbegu usiburuzwe njiani. Ufungwe kwenye gunia hapohapo. Kabla ya kuondoka, buti zipigwe brashi, maana tope la nyayo husafirisha mbegu hadi eneo la wiki ijayo.

Kupanda miti

Kupanda kunapendwa, na kwa sababu hiyo kunafanywa vibaya. Shimo liwe na upana mara mbili ya kiriba, yaani kimfuko cha plastiki kinachobeba mche, na kina sawa na kiriba, si zaidi, kwa kuwa udongo uliolegezwa chini hushuka na mche huzama nao. Kiriba kiondolewe. Inaonekana ni jambo la kutosemwa, lakini miche huzikwa na plastiki yake kila msimu, mizizi ikazunguka ndani hadi mti ukafa mwaka wa pili bila mtu kujua kwa nini. Mizizi iliyokwisha kujizungusha ikatwe. Shingo ya mzizi, pale shina linapokutana na mizizi, ilingane na uso wa udongo. Shindilia kwa kisigino, mwagilia, kisha weka matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 8 ukiyaacha mbali na shina, kwani yakiligusa yanaliozesha na kuwapa panya maficho. Miche isiyo na udongo mizizini ifunikwe kwa gunia bichi hadi dakika ya kuingia shimoni, sababu jua na upepo huua vinyweleo vya mizizi upesi mno.

Halafu inakuja miaka 2 au 3 ya kupalilia duara la mita 1 kuzunguka kila mche. Green Belt Movement, iliyoanzishwa na Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977, iliwalipa wanawake kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Uliopandwa tu haukuhesabiwa. Uliza kikundi chako swali hilohilo: msimu uliopita mlipanda mingapi, na mingapi iko hai leo? Jibu lenye nambari ya kwanza pekee linatosha kukupa picha. Kwa mikoko hali ni mbaya zaidi: miche ya mkoko huchomekwa kwenye tope tupu la chini, kwa kuwa ni rahisi kufika pale na picha zake ni nzuri, ilhali tope lile hufunikwa na maji muda mrefu kuliko mkoko unavyostahimili. Kama pale hapajaota mkoko wenyewe, kuna sababu, na sababu hiyo ichunguzwe kwanza.

Makorongo, njia na madimbwi

Kutuliza korongo kwa vizuizi vya mawe ni kazi ngumu, na matokeo yake ndiyo yanayoridhisha kuliko yote, ila hesabu ikosewapo maji hayasamehe. Kanuni ya nafasi: kitako cha kizuizi cha juu kilingane kwa usawa na kilele cha kizuizi cha chini yake. Kwa hiyo kimo cha sentimita 60 kwenye mteremko wa asilimia 10 hukupa nafasi ya mita 6. Mawe yachimbiwe ndani ya kingo zote mbili, angalau nusu mita, na katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo. Chini ya maporomoko hayo madogo tandaza mawe bapa. Wanaoacha kuchimbia pembeni huona maji yakizunguka kizuizi na kupanua korongo. Wanaoacha mawe bapa huona kizuizi kikichimbwa kwa chini na kuanguka mbele. Mkubwa wa kazi ashike pima maji ya kamba au mpira wenye maji. Jicho hudanganya mteremkoni.

Kwenye njia za miguu adui ni yuleyule. Kingamaji cha mawe au gogo kikatishe njia kwa takriban nyuzi 45. Kikikatiza njia moja kwa moja, maji hupunguza kasi, huacha mchanga, na baada ya mvua chache kimejaa. Kikifuata mno mwelekeo wa njia, maji hukimbia na kuchimba. Mdomo wake utoke nje kabisa ya njia, na usafishwe kwa beleshi kabla ya kila msimu wa mvua. Kama sehemu ina tope, watembeaji watapita pembeni na njia itapanuka, kwa hiyo kausha kwanza ndipo uweke vizuizi vya pembeni.

Madimbwi kwa kifupi: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya mimea kwa mara moja, uilaze ukingoni siku moja au mbili ili wadudu na vyura warudi majini, kisha uipeleke mbali ili rutuba yake isirudi kuchafua maji. Gambuti zioshwe na zikauke kabisa kabla ya dimbwi jingine, kwa sababu kuvu inayoua vyura husafiri nazo.

Mwili wako

Chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati. Vidonda vya mikono vifunikwe kabla ya kazi ya maji, kwa sababu mkojo wa panya hueneza ugonjwa wa leptospirosisi. Kupe watafutwe mwilini siku hiyohiyo. Akipatikana, ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kuvutwa wima, bila mafuta wala moto. Miwani ya kinga ni lazima kwenye miiba, hata kwa anayebeba matawi tu, maana tawi lililoachiwa na wa mbele ndilo linalompiga wa nyuma.

Nyota iliyopungua

Nyota moja tuliyoikata inatokana na mambo yanayojirudia hata katika vikundi vizuri. Tarehe hupangwa kwa kalenda ya wageni wa heshima, si kwa mvua wala kwa msimu wa ndege kutaga. Kampuni huleta wafanyakazi 60 kwa siku moja, zana ni 15, na waliobaki hukanyagakanyaga udongo hadi ukashindiliwa. Choo hakifikiriwi, na wanawake hawarudi mara ya pili, wala hawasemi sababu. Wazee na wenye maumivu ya mgongo hupewa kazi ileile ya sululu, ilhali kuna kunoa, kuhesabu miche, kupanga mbegu na kupiga picha za kumbukumbu. Picha hizo ni kazi kamili: pigia kigingi ardhini, simama hapohapo, elekeza kamera upande uleule, msimu uleule, kila mwaka. Mfululizo wa picha 5 za namna hiyo una ushahidi kuliko ripoti ndefu.

Kabla ya kujaza fomu uliza kama mwenye ardhi ametoa idhini ya maandishi, kama bima inawahusu wanaojitolea na si mali tu, na nani hukagua viota kabla ya kufyeka. Fomu yenyewe ikuulize jina la mtu wa kupigiwa simu ukipata dharura, na maradhi ambayo kiongozi anapaswa kuyajua, kama pumu, kifafa au mzio wa nyuki. Isipouliza hayo, yaandike mwenyewe pembeni. Buti ngumu na glavu kwa kawaida ni zako. Zana zingine kikundi kinatoa.

Na ukiombwa kuchagua siku ya kwanza ya kwenda kuwatazama, usichague ya kupanda. Nenda siku ya palizi, katikati ya msimu, kwenye eneo walilolifanyia kazi mwaka uliopita. Hesabu waliofika.